Anaogopa Watu, Mbona Alikuwa Anacheza Ngome Kongwe?

Video yenyewe haifiki hata dakika moja. Unaonekana ua wa Ngome Kongwe, Unguja, usiku wa tamasha la Sauti za Busara, ngoma zimepamba moto, na katikati ya vijana wanaorukaruka yumo binti wa dada yangu. Mtandio umelegea, mikono iko juu, anacheka. Video hiyo ilipofika kwenye kundi la WhatsApp la darasa lake, huko chuoni Dar es Salaam, mtu mmoja aliandika chini yake: "Huyu si ndiye aliyeomba asiwasilishe kazi mbele ya darasa kwa kuwa anaogopa watu?" Wa pili akajibu kwa vicheko. Wa tatu akaandika neno moja tu: "Maigizo."

Binti aliniletea simu, akanionyesha bila kusema kitu, akarudi chumbani.

Daktari amekwisha kumwambia kwamba ana hofu ya jamii. Na swali la wenzake, ukiliondolea kejeli, linastahili jibu. Nimelisikia hata kwa watu wazima wanaompenda, akiwamo baba yake: mtu anayeogopa watu anawezaje kufurahi kwenye umati? Likizo ile alikaa kwangu, nami ni mama yake mdogo, tulikwenda Ngome Kongwe pamoja na nikaona usiku ulivyokwenda tangu mwanzo hadi mwisho. Kwa hiyo nitalijibu kwa kirefu, kwa sababu najua wapo wanafunzi wengi wanaoulizwa hivyohivyo na hawana pa kuanzia.

Tuanze na maneno, maana Kiswahili kina maneno mengi yanayopakana hapa, na tunayachanganya kila siku. Kuwa na haya ni sifa njema. Mwenye haya anajua mipaka yake, na ndiyo maana kumwambia mtu "huna haya" ni kumtukana. Soni ni ile hali ya mtoto kujificha nyuma ya kanga ya mama yake mgeni akiingia. Ikipita nusu saa utamkuta kapanda mapajani mwa mgeni huyohuyo. Aibu inakupata baada ya jambo kutokea. Ukimya nao ni tabia ya mtu tu: wapo wanaopenda kukaa peke yao, na wakitoka wanazungumza vizuri bila taabu yoyote. Katika yote hayo hakuna ugonjwa.

Hofu ya jamii, ambayo wengine huiita wasiwasi wa kijamii, ni hofu kali ya kutazamwa na kupimwa na watu, ya kuonekana mjinga, mchafu, dhaifu au wa ajabu. Daktari anapoitafuta huangalia kama hofu hiyo imezidi hatari yenyewe, kama imedumu, kwa kawaida miezi 6 au zaidi, na kama imeanza kumnyima mtu maisha yake. Hilo la mwisho ndilo ninalolipa uzito mimi. Mtu ameacha somo analolipenda kwa kuwa lina mitihani ya kusema. Amekataa kazi kwa sababu ya usaili. Anashinda na njaa chuoni kwa kuwa bwalo la chakula limejaa. Ukifika hapo, neno "soni" halitoshi tena.

Wala si jambo lililobuniwa jana na vijana wa mitandaoni. Daktari wa akili Isaac Marks, wa London, alikuwa miongoni mwa walioitenga na hofu nyingine katika miaka ya 1960. Mwaka 1980 ikaingia katika mwongozo wa magonjwa wa chama cha madaktari wa akili cha Marekani, na mwaka 1985 Michael Liebowitz wa New York na wenzake wakaandika kwamba ni ugonjwa uliopuuzwa. Tafiti kubwa za Marekani zimekuta kwamba takribani mtu 1 kati ya 8 huipata wakati fulani maishani, na umri wa kawaida wa kuanza ni kama miaka 13. Yaani anaanza akiwa mtoto wa shule, pale ambapo sisi tunasema "ataacha akikua". Wengine huacha kweli. Wengi hukua nayo, wakajifunza kuificha.

Sasa, inafanyaje kazi?

Mwili wa kila mmoja wetu una mlinzi. Akiona hatari anapuliza filimbi, na papo hapo adrenalini inamwagika kwenye damu. Moyo unakwenda mbio, viganja vinatoa jasho, tumbo linasokota, misuli inakaza ili ukimbie au upigane. Ukikutana na nyoka shambani, mlinzi huyo anakuokoa. Katika hofu ya jamii anapuliza filimbi kila dafu linapodondoka: hatari anayoiona ni uso wa mtu anayekutazama. Kumwambia "tulia, hakuna kitu" hakusaidii, kwa sababu mlinzi huyu hasikilizi maneno. Anajifunza kwa yale yanayotokea mbele yake tu. Hilo nitalirudia, maana tiba yote imesimama juu yake.

Lakini filimbi ni nusu ya habari. Nusu ya pili ilielezwa mwaka 1995 na wanasaikolojia wawili wa Uingereza, David Clark na Adrian Wells, na mimi nilipoielewa ndipo nilipomwelewa mtoto wetu. Mtu mwenye hofu hii akiingia penye watu, macho yake huacha kutazama nje. Anaanza kujitazama mwenyewe, kana kwamba amesimama upande wa pili wa chumba: sauti yangu inatetemeka? Jasho linaonekana? Nimekaa vibaya? Na ile picha anayoiona haitokani na nyuso za watu. Anaichora kutokana na anavyojihisi ndani. Moyo unamdunda kwa nguvu, basi anaamini kila mtu anauona unavyodunda.

Kisha anajikinga. Anapekua simu asiyoisoma. Anashika glasi kwa mikono miwili isije ikatikisika. Anakaa karibu na mlango. Sentensi anaifanyia mazoezi kichwani mara nne, na anapokuwa tayari kuisema mazungumzo yamekwisha kuhama. Nimelifananisha jambo hili na mpishi anayeogopa wali wake usiharibike, akawa anafunua sufuria kila dakika kuutazama. Mvuke unatoka, wali unabaki na kiini, naye anasema: mnaona, nilijua mimi sijui kupika. Anayejichunguza mbele za watu hana nafasi ya kuwasikiliza; nao wanamwona yuko mbali, wanamwacha; na yeye anahesabu kuachwa huko kuwa ushahidi. Usiku kitandani anarudia neno kwa neno yale aliyoyasema mchana. Wapo wanaorudia sentensi moja waliyoisema miaka mitano iliyopita.

Niwape mfano wa hapa nyumbani. Mimi nakaa Mkunazini. Njia fupi ya kwenda Forodhani inapita Jaws Corner, pale wanaume wanapokaa barazani kwa kahawa na siasa. Ukipita unatoa salamu upande huu, unapokea upande ule, unaulizwa habari za nyumbani, unajibu huku unatembea. Kwangu ni dakika moja ya raha. Siku ya pili ya likizo yake nilimwagiza binti kitu upande wa Forodhani, safari ya robo saa kwenda na kurudi. Alichukua zaidi ya saa nzima. Alizunguka Darajani, akapita Malindi, akatokea Mizingani, jua la kaskazi likimpiga utosini, ili tu asipite katikati ya mabaraza yale.

"Mama mdogo," aliniambia, "shikamoo inakwama. Naianza mbali, nikifika karibu nao haitoki. Wakiniona sijasalimia nani atajua nilikuwa nataka?"

Hapo ndipo linapozaliwa lile kosa letu la kwanza kuhusu watu hawa: anaringa, ana kiburi, hana adabu. Katika jamii inayompima mtu kwa salamu zake, asiyesalimia amekwisha kuhukumiwa kabla hajafika mwisho wa kichochoro. Naye hukumu hiyo anaisikia, na ndiyo hasa aliyokuwa akiikimbia. Sidhani kama ipo adhabu inayofanana na hiyo kwa mtoto aliyelelewa vizuri na anayejua wajibu wake.

Jioni ya tamasha tulipitia Forodhani kula kwanza. Wauzaji wa pale ni wachangamfu, na haraka ni sehemu ya biashara yao. "Dada karibu! Pweza? Ngisi? Kamba? Mishikaki ya ng'ombe ipo, ya kuku ipo, sema dada!" Watu watatu nyuma yetu wanasubiri, taa ya karabai usoni, mwanamume ameshika koleo hewani anangoja jibu. Binti alinyoosha kidole kwenye kilichokuwa karibu zaidi. Kilikuwa pweza, na yeye hali pweza. Akalipa, akashukuru, akaenda kukaa ukutani ameipa bahari uso na watu mgongo. Sahani aliishika mpaka nilipoichukua mkononi mwake.

Saa moja baadaye mtu huyohuyo alikuwa ndani ya Ngome Kongwe na mamia ya watu. Na ndipo tunafika kwenye swali.

Jambo la kwanza la kulishika ni hili: mwenye hofu ya jamii haogopi wingi wa watu. Anaogopa macho yao yakimgeukia yeye. Wapo wanaoogopa umati wenyewe, kubanwa mahali pasipo njia ya kutokea wala msaada wa karibu. Hiyo ni hofu nyingine, ina jina lake na tiba yake, ingawa mtu mmoja anaweza kuwa na zote mbili. Sasa pima mahali hapa pawili. Darasani wako watu 12, wamekaa kimya, macho 24 yanakutazama wewe, mwalimu ameshika kalamu, na kila usemalo litapewa alama. Kwenye tamasha wako watu wengi mno kuhesabika, na macho yao yote yapo jukwaani. Giza limeingia. Sauti ya spika imeyameza mazungumzo, hakuna anayekutarajia ujibu lolote. Hakuna koleo hewani.

Na mwezi wa Februari una zawadi yake. Joto la kaskazi ndani ya zile kuta nene, ambazo Waarabu wa Oman walizijenga mwishoni mwa karne ya 17, halimwachi mtu mkavu. Yeye huogopa sana jasho lake lisionekane. Usiku ule kila mgongo ulikuwa umelowa, wa mzungu, wa Mmakunduchi na wa mtu wa Dar. Alama aliyoiona kuwa yake peke yake ilikuwa imegawiwa kwa wote.

Sikusema kwamba ilikuwa rahisi. Mlangoni, wakati wa kufungwa ule ukanda wa mkononi, alishika ncha ya kanga yangu kama alivyokuwa akifanya alipokuwa na miaka mitano. Ndani tulisimama ukutani saa nzima. Alitazama chini, akafungua simu, akaifunga, akaifungua. Nilitaka sana kumvuta tusogee mbele na namshukuru Mungu kwamba nilijizuia. Mimi nilikaa tu, nikatikisa kichwa kwa muziki. Baadaye ikaingia singeli, ile kasi isiyompa mtu nafasi ya kufikiri, na nikaona mguu wake mmoja unapiga chini. Kisha bega. Wasichana wawili waliokuwa karibu wakapiga hatua ileile, na hakuna kati yao aliyemwangalia usoni. Nilipogeuka tena alikuwa amekwisha kuondoka ukutani.

Kwa nini mwili unafanya hivyo? Kucheza pamoja kwa mapigo yaleyale kuna nguvu yake. Mwaka 2015 watafiti wa Chuo Kikuu cha Oxford, wakiongozwa na Bronwyn Tarr, walichapisha utafiti waliofanya Brazil kwa wanafunzi wa sekondari. Waliocheza kwa pamoja, hatua moja wakati mmoja, walijihisi karibu zaidi na wenzao, na hata uwezo wao wa kuvumilia maumivu uliongezeka. Wanaocheza msewe, kibati au vanga watasema hilo walilijua, na ni kweli. Kuna jambo la pili ambalo kwa hofu hii ni kubwa zaidi. Muziki unayachukua macho yaliyogeuka ndani na kuyarudisha nje. Siku ya pili nilimuuliza ilikuwaje. Alifikiri kidogo, akasema: "Nilisahau kujitazama."

Nani basi aliyekuwa akimtazama? Karibu hakuna. Mwaka 2000 Thomas Gilovich na wenzake wa Chuo Kikuu cha Cornell, Marekani, walieleza jaribio ambalo mimi humsimulia kila mzazi. Waliwavisha wanafunzi fulana yenye picha ya mwimbaji Barry Manilow, ambayo vijana wale waliona aibu kuivaa, wakawaingiza chumbani kwa wenzao. Kisha wakawauliza: mnadhani wangapi wameiona picha hiyo? Waliovaa walikisia karibu nusu. Walioiona kweli walikuwa kama robo. Na hao walikuwa wanafunzi wa kawaida, hawakuchaguliwa kwa ugonjwa wowote. Sote tunajiona tumesimama chini ya taa kubwa kuliko iliyopo. Kwa mwenye hofu ya jamii, taa hiyo haizimwi.

Sasa nieleze yale ambayo video haikuonyesha, kwa sababu hapo ndipo kundi la WhatsApp lilipokosea.

Haikuonyesha usiku wa kuamkia tamasha, alipoamka mara tatu tumbo likimsumbua. Haikuonyesha karatasi aliyoandika: mlango uko wapi, vyoo viko wapi, tukipotezana tukutane wapi, akitaka kuondoka ataniambia neno gani. Wala haikuonyesha siku iliyofuata, alipolala hadi alasiri, akaamka na kuanza kuniuliza kama yule dada aliyemkanyaga mguu alikasirika.

Haikuonyesha pia kilichotokea baada ya singeli. Jukwaani kulipanda taarab, na palipofika wimbo anaoupenda tangu utoto wakaanza watu kwenda kutunza. Mnajua kutunza kulivyo: unatoka ulipo, unakwenda mbele polepole ukicheza, noti iko juu, waimbaji wanakuona, ukumbi mzima unakuona, na kuonekana huko ndiyo raha yenyewe. Binti alitoa noti ya shilingi elfu mbili. Aliikunja, akaikunjua, akaikunja tena mpaka ikawa ndogo kama tambuu. Kutoka tuliposimama hadi jukwaani hazikufika hatua 20. Mwishowe akaniwekea kiganjani, imelowa.

"Nipelekee, mama mdogo. Usiseme ni yangu."

Nilikwenda. Mtu yuleyule, usiku uleule, ndani ya nusu saa: ameweza kucheza katikati ya mamia, ameshindwa kutembea hatua 20 peke yake. Anayeelewa kwa nini yote mawili ni ya kweli ameielewa hofu ya jamii.

Mwenye pumu akicheza mpira Jumamosi hatumwambii kwamba pumu yake ni maigizo. Tunafurahi kwamba siku hiyo hewa ilikuwa safi na dawa ilikuwa mfukoni. Wapo wenye hofu ya jamii ambao tamasha kwao haliwezekani kabisa lakini mbele ya darasa hawana shida, kwa kuwa pale wana karatasi ya kusoma. Wapo wanaoimba jukwaani na kushindwa kupokea simu. Hofu inachagua, na kila mtu ana ramani yake. Kumnyima mtu furaha yake ili aonekane mgonjwa wa kutosha ni ukatili, hata tukiufanya kwa mzaha.

Kuna wanaosema hofu hii ni maradhi ya Wazungu. Wajapani waliandika juu ya hofu inayofanana na hii, waiitayo taijin kyofusho, mapema katika karne ya 20. Kwao mara nyingi mtu huogopa kwamba uwepo wake utawakera wengine. Kwetu nimeona sura ya kuogopa kuwaaibisha wazazi: "watasema mtoto wa fulani." Hofu inavaa nguo za mji inapokaa.

Wengine wanamwambia mtoto aswali zaidi. Dua ni nguzo, na binti huyu haachi swala. Sala na tiba havigombani, kama ambavyo mwenye kisukari anafunga safari ya msikitini na ya kliniki siku hiyohiyo. Ninachokataa ni kumwambia mtu kwamba hofu yake ni upungufu wa imani. Hapo tumemwongezea jaji mwingine juu ya wale aliokuwa nao.

Kuna na pombe. Vijana wengi vyuoni wamegundua kwamba bia mbili zinaifungua shikamoo iliyokwama, na ni kweli zinaifungua. Ubaya wake ni kwamba yule mlinzi wetu anaandika daftarini: leo tumepona kwa sababu ya bia. Kesho bila bia atapuliza filimbi kwa nguvu zaidi, na asubuhi baada ya ulevi wasiwasi huamka umeongezeka. Wengi wameingia kwenye ulevi kwa mlango huu, wakiwa hawakupenda hata ladha yake.

Na kuna dawa yetu kongwe ya kienyeji: mlazimishe. Msukume jukwaani, mpe kipaza sauti harusini, atazoea. Kukutana na kinachoogopwa ni kweli ndiyo njia, lakini namna ya kukutana nacho ndiyo inayoamua. Aliyetupwa majini hajui kuogelea anajifunza kwamba bahari inaua.

Tiba iliyothibitika zaidi ni ya mazungumzo, ile inayoitwa tiba ya utambuzi na tabia. Mwongozo wa afya wa Uingereza wa mwaka 2013 unaitaja kuwa ya kwanza kwa watu wazima wenye hofu hii. Si kuketi na kufarijiwa tu. Mtu na mtaalamu wake wanapanga vituo, kuanzia chepesi, na kabla ya kila kituo anaandika anachotabiri: nikimuuliza muuzaji bei, atanicheka. Anakwenda, anauliza, bila kujikinga kwa simu wala kwa sentensi zilizokaririwa. Anarudi na kuandika kilichotokea. Nilisema mlinzi hasikilizi maneno, anajifunza kwa matukio. Haya ndiyo matukio anayolishwa, moja baada ya jingine, kwa wiki kadhaa, mpaka filimbi inapungua.

Dawa za hospitali pia zipo, kama sertralini na paroksetini, ambazo huchukua wiki kadhaa kuonyesha kazi yake na hazikatishwi ghafla. Wapo wanaopewa propranololi ya kutuliza moyo kabla ya kusema hadharani. Hiyo msigawane bwenini kama peremende: kwa mwenye pumu ni ya hatari. Zote ni za kuandikiwa na daktari. Ukiwa Dar es Salaam, Muhimbili wana idara ya afya ya akili; Dodoma ipo Mirembe; hapa Unguja ipo Kidongo Chekundu. Najua majina hayo tumeyageuza kuwa matusi, na najua kuna mzazi atakayesita kupita lango lake mchana. Ushauri wangu kwake ni aanze na daktari wa kawaida au ofisi ya ushauri ya chuo, mradi aanze.

Kwa rafiki, kazi ni ndogo na ina thamani kubwa. Mwambie mapema nani atakuwepo na mtaondoka saa ngapi. Simama naye ukutani ikihitajika. Usimsemee kila kitu, wala usimtangaze. Lile neno letu la mapenzi, "Leo umeongea!", linamrudisha chini ya taa papo hapo. Akicheza, cheza.

Nirudi kwenye video. Binti alitaka kuondoka kwenye kundi la darasa na kuifuta simuni. Mtaalamu anayemwona alimwomba asifute. Akamweleza kwamba kujitazama kwenye video ni sehemu ya tiba hii, ikiwa utaanza kwa kuandika unachotegemea kukiona, kisha utazame kana kwamba unamwangalia mtu usiyemjua. Tukakaa sebuleni, feni inazunguka. Aliandika kwenye daftari: mikono inatetemeka, uso umekunjamana, watu wananiangalia. Akaweka simu juu ya meza, akabonyeza.

Aliitazama mara ya kwanza bila kupumua. Mara ya pili akaisimamisha na kuikuza kwa vidole viwili, akitafuta mtetemo wa mikono. Mara ya tatu hakujitazama yeye. Alikuwa anahesabu, mmoja mmoja, watu waliokuwa nyuma yake, wamegeukia wapi.

"Wote jukwaani," alisema.

Akachukua kalamu, akaandika.